Harusi laivu kutoka Kigoma kwa kamera moja: kubadili sini na kuvuta picha bila kuruka

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na si kila shangazi atapanda treni kuwahi harusi ya Jumamosi. Ndiyo maana siku hizi kamati ikikaa, baada ya mpambaji, MC, keki na muziki, kuna mstari mwingine kwenye bajeti: mtu wa laivu. Mtu huyo kwa kawaida ana kamera moja, laptopu moja na kijana mmoja wa kumshikia kebo. Halafu anategemewa atoe picha ya meza kuu, ya keki, ya MC na ya mlangoni, kana kwamba ana gari la matangazo limeegeshwa nje.

Inawezekana. Programu ya OBS Studio ni bure, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na inaweza kuigeuza kamera moja iliyosimama kuwa kama kamera tatu. Nitataja vitufe vyake kama vinavyosomeka kwenye skrini, kwa sababu wengi wetu tumeiacha na lugha iliyokuja nayo. Sini ni mpangilio mzima wa picha unaokwenda hewani. Chanzo ni kitu kimoja ndani yake: kamera, nembo, maandishi, slaidi. Mpito ni namna sini moja inavyoipisha nyingine.

Wengi huanza na mpito. Wanapakua madoido, nyota zinazozunguka, pazia linalofunguka, kisha wanashangaa mbona picha bado inaruka. Picha inatulia kwa sababu ya mambo yaliyopangwa kabla mpito haujaguswa: ukubwa wa kanvasi (eneo lote la picha linalokwenda hewani), kamera kuwa chanzo kilekile katika kila sini, na rangi iliyofungwa isibadilike. Hayo yakikaa sawa, hata mpito wa kawaida kabisa unapendeza.

Anza na kamera yenyewe

Stendi iwe nzito na juu, usawa wa mita 2 hivi kama ukumbi unaruhusu, maana wageni watapita mbele yako wakienda kutunza na hakuna atakayeinama. Isawazishe kwa kipimo cha maji au cha ndani ya kamera. Picha iliyopinda kidogo haionekani ikiwa pana, lakini ukiivuta karibu meza ya keki itaonekana inateleza.

Kisha funga kila kitu kinachojiendesha. Mwangaza uwe wa mkono, fokasi iwe ya mkono, na mizani ya weupe (white balance) uipige kwa karatasi nyeupe chini ya taa zitakazotumika usiku, si taa za mchana wakati wapambaji bado wako juu ya ngazi. Kuvuta picha kwa programu hakuiambii kamera chochote: kamera inaendelea kuona ukumbi mzima na kupima mwanga wa ukumbi mzima. Ukiiacha ijipimie, DJ akiwasha taa ya rangi upande wa pili, sura ya bibi harusi uliyoivuta karibu itafifia ghafla, na mtazamaji hataelewa kwa nini.

Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Kamera inaona. Ikiwa ina chaguo la PAL au 50 Hz, lichague, weka fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50. Ukiiacha kwenye mfumo wa 60 Hz utapata mistari myeusi inayopanda picha polepole, na kuiondoa baadaye ni shida.

Kama sherehe iko nje, ufukweni, kumbuka mji umekaa mashariki mwa ziwa. Jioni jua linazama upande wa Kongo, juu ya maji. Wapambaji wanaipenda sana hiyo, wanaweka meza kuu mgongo kwa ziwa, na kamera yako inabaki na vivuli vyeusi viwili vilivyovaa nguo za harusi. Zungumza nao asubuhi, kabla viti havijafungwa vitambaa.

Kapcha kadi

Kamera inaingia kwenye laptopu kwa kebo ya HDMI kupitia kapcha kadi, kifaa kidogo kinachoigeuza picha ya kamera isomeke na kompyuta. Kwenye kamera zima alama zote za skrini, betri na viboksi vya fokasi, la sivyo vitakwenda hewani. Ndani ya OBS, kwenye boksi la Sources, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua Video Capture Device, ukipe jina: KAMERA 1. Usiache vipimo vya kujiamulia. Chagua Custom, weka 1920x1080 na fremu 25, na kama 25 haimo kwenye orodha ya kadi yako weka 30. Kwa kadi za bei nafuu zinazopita kwenye USB ya zamani, chagua umbizo la MJPEG, yaani picha iliyobanwa. Picha isiyobanwa ya ukubwa huo haipiti kwenye USB 2.0 kwa kasi inayotosha, ndiyo maana wengine wanaona fremu 5 kwa sekunde wakidhani laptopu imechoka.

Hapohapo kuna kisanduku kinachosema Deactivate when not showing. Kisiwe na tiki. Kikiwa na tiki, OBS inaizima kamera kila ukihamia sini isiyo na kamera hiyo, na ukirudi inaiwasha upya. Ile sekunde ya weusi kati ya picha ya kusubiri na ukumbi chanzo chake kikubwa ni hicho.

Kanvasi: kata shauri kabla hujagusa kitu kingine

Ingia Settings, kisha Video. Weka Base (Canvas) Resolution kuwa 1280x720, na Output iwe hivyohivyo. Fremu ziwe 25.

Hapa watu hubisha. Kamera inatoa 1080, kwa nini nirushe 720? Kwa sababu tofauti hiyo ndiyo akiba yako ya kuvuta picha. Kamera inakupa pikseli 1920 kwa upana, kanvasi inahitaji 1280. Gawanya: 1.5. Maana yake unaweza kuivuta picha mara moja na nusu na kila pikseli ikabaki halisi, hakuna iliyonyooshwa. Ukiwa na kamera na kadi zinazotoa 3840x2160, unavuta hadi mara 3. Lakini kanvasi ya 1080 kwa kamera ya 1080 haina akiba yoyote, na kila unachovuta ni ukungu. Kwa mtandao wa simu unaorushia ukumbini, 720 safi inamfikia shangazi vizuri kuliko 1080 inayokwama.

Usibadilishe kanvasi baada ya kupanga sini. Vipimo vya mahali vinaweza kukaa vibaya ukarudia kazi.

Sini, na chanzo kimoja kwa zote

Tengeneza sini ya kwanza, iite 1 PANA. Weka ndani KAMERA 1, bonyeza Ctrl+F ijae kanvasi. Juu yake weka nembo yako na maandishi ya majina ya maharusi. Ukimaliza hii vizuri, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya jina la sini, chagua Duplicate, uite 2 MEZA KUU. Rudia kwa 3 KEKI na 4 MC.

Kunakili sini namna hii kuna faida iliyojificha. KAMERA 1 iliyomo kwenye sini zote nne ni chanzo kilekile. Kichujio cha rangi ukikiweka mara moja kinaonekana kote. Ukiongeza kamera upya kwa kila sini, OBS itajaribu kuifungua kadi mara nne na mara nyingi itakataa: moja itaonyesha picha, nyingine weusi. Kama unaongeza kwa mkono, chagua Add Existing, usitengeneze kipya.

Kuna njia nyingine inayosifiwa sana, ya kuiweka kamera kwenye sini yake peke yake halafu kuiingiza sini hiyo ndani ya sini nyingine. Kwa mambo mengi ni nzuri. Kwa kuvuta picha ni mtego, kwa sababu sini iliyoingizwa ndani ya nyingine huchorwa kwanza kwa ukubwa wa kanvasi. Kamera yako ya 1080 inapunguzwa kuwa 720, ndipo unaivuta. Akiba yote imeshamwagika kabla hujaitumia.

Hesabu ya kuvuta picha

Unaweza kushika pembe ya kamera kwa mausi na kuitanua kwa macho. Usifanye hivyo. Tumia namba, kwa sababu namba unaweza kuziandika kwenye daftari na kuzirudia wiki ijayo.

Nenda sini ya 3 KEKI, chagua KAMERA 1, bonyeza Ctrl+E. Linafunguka dirisha la vipimo. Hakikisha Positional Alignment ni Top Left na Bounding Box Type ni No bounds. Kwenye Size weka 1920 kwa 1080. Sasa kila pikseli ya kamera ni pikseli moja ya kanvasi, na unachoona ni dirisha la 1280x720 juu ya picha kubwa zaidi. Kilichobaki ni kuamua dirisha likae wapi.

Ili kujua keki iko wapi kwa pikseli, bonyeza kulia kwenye KAMERA 1, chagua Screenshot (Source). OBS inahifadhi picha ya kamera kwa ukubwa wake kamili kwenye folda ya rekodi. Ifungue kwenye Paint, peleka mausi katikati ya keki, na chini kushoto utasoma namba mbili. Tuseme 1400 na 600. Katikati ya kanvasi ni 640 na 360. Toa: 640 kutoa 1400 ni -760. Na 360 kutoa 600 ni -240. Hizo ndizo namba za Position.

Ila -760 haifai. Picha ya upana wa 1920 ndani ya kanvasi ya 1280 inaweza kusogea kushoto hadi -640 tu, zaidi ya hapo ukingo wa kulia unabaki mweusi. Kwa urefu, mwisho ni -360. Kwa hiyo weka -640 na -240. Keki itakaa kulia kidogo ya katikati, na ukitazama vizuri utaona ni bora zaidi, kwa sababu maharusi watasimama kushoto kwake wakati wa kulishana.

Kwa mvuto wa wastani tumia 1600 kwa 900. Hapo mipaka ni -320 na -180, na katikati kabisa ni -160 na -90. Hesabu ya Paint bado inafanya kazi, ila kwanza zidisha namba ulizosoma kwa 1600 kisha gawanya kwa 1920.

Usitumie ukataji wa picha, ule wa kushika Alt na kuvuta ukingo, katika sini moja huku nyingine ukiitanua kwa vipimo. Zote mbili zinatoa picha karibu, lakini mpito utakaozihamisha utayumba. Chagua njia moja, na mimi nasema vipimo.

Kwa sini ya 1 PANA, bonyeza kulia kwenye kamera, nenda Scale Filtering, chagua Bicubic. Hapo picha inapunguzwa kutoka 1080 kwenda 720, na nakshi za gauni na kofia za wazee zitabaki safi. Ukubwa wa 1920 kwa 1080 hauhitaji kitu.

Mipito

OBS inakuja na Fade ya milisekunde 300, ambayo kwa fremu 25 ni kama fremu 7 au 8. Kati ya kamera mbili tofauti, au kutoka picha ya kusubiri kwenda ukumbini, hiyo inatosha kabisa. Kati ya picha pana na picha karibu za kamera hiyohiyo ni mbaya: kwa muda mfupi unaona maharusi wawili wakubwa wamelala juu ya maharusi wawili wadogo, kama mizimu.

Cut, yaani kukata moja kwa moja, inafanya kazi ikiwa tofauti ya ukubwa ni kubwa. Kutoka 1280 kwenda 1920 jicho linakubali, limepelekwa mahali pengine. Kutoka 1280 kwenda 1600 jicho linakataa, linaona kamera imegongwa. Kwa hiyo mvuto wa wastani usiukate kamwe; uuhamishe.

Kuuhamisha kunahitaji programu-jalizi inayoitwa Move, ya mtengenezaji anayejulikana kama Exeldro. Inapatikana bure kwenye tovuti ya OBS. Funga OBS, isakinishe, fungua tena. Kwenye boksi la Scene Transitions bonyeza alama ya kujumlisha, utaikuta. Kazi yake ni hii: inaangalia sini unayotoka na sini unayokwenda, inatafuta vyanzo vilivyomo kote kuwili, na badala ya kubadilisha picha inavisogeza kutoka kipimo cha kwanza hadi cha pili. KAMERA 1 ilikuwa 1280 kwa 720 mahali 0 na 0. Sasa inakua taratibu hadi 1920 kwa 1080 mahali -640 na -240. Mtazamaji anaona kamera inasogea kwenye keki. Hakuna kilichosogea ukumbini.

Ndiyo maana nilisisitiza chanzo kimoja. Kamera ikiwa tofauti katika sini mbili, Move haina cha kuoanisha. Moja itaruka nje ya skrini na nyingine itaingia kutoka upande. Hali ni ileile kwa nembo na majina ya maharusi: yawe kwenye kila sini, mahali palepale, yatatulia wakati kamera inasogea chini yake. Ukiyasahau kwenye sini moja, majina ya watu yatarushwa dirishani mbele ya ukoo.

Muda: milisekunde 1200 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa fremu 25 hizo ni fremu 30, na kusogea pikseli 640 ndani ya fremu 30 ni kama pikseli 21 kwa kila fremu. Chini ya milisekunde 600 inakuwa kama mtu amesukumwa. Kwa kiapo, au dua, nenda hadi 2500. Katika mipangilio yake chagua mwendo unaoanza polepole na kuishia polepole, si wa kasi moja. Kasi moja inaonekana kama roboti na inasimama kwa kishindo.

Sasa panga kila sini na mpito wake. Bonyeza kulia kwenye jina la sini, utaona Transition Override: hapo unaiambia OBS kwamba kila inapokwenda 3 KEKI itumie Move kwa milisekunde 1500, hata kama mpito wa kawaida ni mwingine. Mimi hupendelea hivi: kwenda karibu kwa Move, kurudi pana kwa Cut (ila si kutoka kwenye mvuto wa wastani). Kusogea karibu kunamwambia mtazamaji angalia hapa. Kurudi nyuma polepole kila mara kunachosha, na MC wa Kigoma hakungoji. Ameshaita kwaito, watu wameshajipanga mstari, nawe bado unatoka kwenye keki kwa madaha.

Vitufe vya mkononi

Settings, kisha Hotkeys. Kila sini ina Switch to scene. Zipe namba za upande wa kulia wa kibodi zikifuatana na majina: 1 kwa PANA, 2 kwa MEZA KUU, 3, 4, na 0 kwa picha ya kusubiri. Laptopu ndogo hazina namba hizo. Kikibodi cha namba cha USB kinatatua, na kinaweza kukaa mapajani gizani.

Vitufe hivi vinafanya kazi hata ukiwa kwenye dirisha jingine. Ukiandika namba ya simu ya mwanakamati kwenye WhatsApp, sini zitacheza hewani. Ndani ya Settings, Advanced, kuna Hotkey Focus Behavior: chagua vizimwe dirisha kuu lisipokuwa mbele, au usiguse WhatsApp kwenye laptopu hiyo. La pili ni bora.

Vipi kuhusu Studio Mode, ile inayogawa skrini mbili, moja ya maandalizi na moja ya hewani? Kwa ibada, ambako ratiba inajulikana, itumie: unaandaa sini kushoto, unaikagua, unabonyeza Transition. Kwa harusi ukiwa peke yako naiona inachelewesha, maana kitufe cha sini kinabadilisha upande wa maandalizi tu na inabidi ubonyeze tena. Babu akisimama ghafla kutoa wosia, hatua moja inatosha. Badala yake fungua View, Multiview kwenye skrini ya pili kama unayo, uone sini zote kwa pamoja.

Kamera ya pili ikiwa simu

Simu ya mlangoni inaleta uhai, hasa maharusi wanapoingia. Programu ya DroidCam inaiingiza kwenye OBS; tumia kebo ya USB, usitegemee Wi-Fi kwenye ukumbi wenye simu mia tatu. Picha ya simu huchelewa kuliko ya kapcha kadi. Ukiwa unakata kati ya hizo mbili wakati wa ngoma, mguu utapiga chini mara mbili. Iwekee KAMERA 1 kichujio cha Video Delay hadi zilingane, usihangaike kuiharakisha simu.

Rangi nayo ilinganishwe. Mtazamaji akihamishwa kutoka ukumbi wa njano kwenda ukumbi wa buluu, hakuna mpito utakaomfariji. Karatasi ileile nyeupe, kamera zote mbili, kisha kichujio cha Color Correction kwa kilichobaki.

Sauti isiguswe na sini

Chukua sauti kwenye mixa ya DJ, iingize kwenye laptopu, na uiteue kwenye Settings, Audio kama Mic/Auxiliary. Hapo inakuwa ya OBS nzima, haimo ndani ya sini yoyote, kwa hiyo haikatiki ukihama. Sauti za kamera na simu zizime. Ukiweka maikrofoni ndani ya sini moja, kila ukitoka humo MC anakuwa bubu.

Picha ikichelewa kuliko sauti, fungua Advanced Audio Properties na uongeze Sync Offset, anza na milisekunde 100. Mwambie kijana wako apige kofi mbele ya kamera, rekodi, angalia, ongeza au punguza.

Bando, na kwa nini mwendo unakula

Enkoda, sehemu inayobana picha kabla ya kutumwa, inaokoa data kwa kutuma kile tu kilichobadilika kati ya fremu na fremu. Kamera ikiwa imetulia, ukuta na mapambo havibadiliki, bitireti yote (kiasi cha data kwa sekunde) inakwenda kwenye sura za watu. Move inasogeza kila pikseli. Fade inabadilisha kila pikseli pia. Kwa bitireti ndogo, wakati huo picha inavunjika vipande vya mraba kisha inajirudi. Kwa hiyo ukirusha kwa 1500 kbps, vuta polepole na mara chache, na mabadiliko mengine yote yawe Cut.

Pima kasi ya kupandisha ukumbini kwenyewe, saa ileile ya sherehe, kwa sababu mnara wa saa nne asubuhi si mnara wa saa mbili usiku. Bitireti iwe nusu ya ulichopima, au theluthi mbili ukiwa jasiri. Chagua CBR, yaani bitireti isiyobadilika, na kifremu cha ufunguo (keyframe, fremu kamili) kila sekunde 2. Kwa 2500 kbps za picha na 160 za sauti, saa moja inakula karibu GB 1.2, sherehe ya muda wa saa nne, GB 4.8. Waambie kamati mapema, hilo si la kutoa mfukoni mwako.

Picha ikiruka hata hivyo, usikisie. Fungua View, Stats. Kuna namba tatu. Fremu zikipotea kwa rendering lag, kadi ya picha ya laptopu imelemewa: funga kivinjari, na kwenye Windows ifungue OBS kama msimamizi. Zikipotea kwa encoding lag, hamia enkoda ya kifaa kama QuickSync au NVENC, au ukiwa kwenye x264, enkoda inayotumia prosesa, shuka hadi superfast. Zikiwa dropped frames, ni mtandao, shusha bitireti au washa chaguo la kuibadilisha kulingana na msongamano, lililoko Settings, Advanced. Kingine: umeme ukikatika laptopu inahamia betri, na nyingi hujipunguzia nguvu zenyewe bila kuuliza. Ghafla Move iliyokuwa laini inakwama. Weka hali ya umeme kwenye utendaji wa juu hata ikiwa kwenye betri, na modemu uichomeke kwenye UPS mpaka jenereta iamke.

Mpira je?

Watu huuliza kama njia hii inafaa uwanjani. Kwa ndondo za mtaani, nusu tu. Move inakwenda mahali ulipopapanga kabla, na mpira haujui ulipanga wapi. Hapo unahitaji mpiga picha anayegeuza kamera. OBS ibaki na ubao wa matokeo, picha ya kusubiri na mvuto wa kwenye benchi. Na timu ya Mashujaa ikiwa Uwanja wa Lake Tanganyika kwenye Ligi Kuu, kaa ukatazame tu, mechi zile zina wenye haki za matangazo.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Fungua menyu ya Scene Collection, bonyeza Export, hifadhi kwenye flashi. Fanya hivyohivyo kwa Profile, inayobeba kanvasi na bitireti; vitufe vya sini vinabebwa na Scene Collection. Nembo na picha zote ziwe kwenye folda moja isiyohama, maana OBS inakumbuka njia ya faili, haibebi faili lenyewe.

Ukumbi ukibadilika, sini zinabaki zilezile. Unafika mapema, unasimamisha kamera, unapiga Screenshot ya chanzo, unaifungua kwenye Paint, unasoma keki, meza kuu na sehemu ya MC, unabadilisha namba sita za Position. Kisha bonyeza Start Recording bila kurusha, zungusha sini zote mara mbili mbili, na uitazame rekodi hiyo kwenye simu, kwa sababu ndiyo skrini ambayo shangazi ataishika. Majina ya maharusi yasiposomeka hapo, yaongeze ukubwa kwenye sini ya kwanza na uyahakiki kwenye nyingine zote kabla wapambe hawajaanza kuingia.